Kopo la Meno ya Bibi

Milada Skopalová alizaliwa chini ya milima ya Jeseníky, akakulia chini yake, akaolewa chini yake, na mpaka anakaribia miaka sitini aliihesabu milima ile kuwa ni mahali mvua inakotokea, basi. Alikuwa na saluni yake ya kina mama pale mjini Rýmařov, chumba kimoja chenye viti viwili na draya inayonguruma kama trekta. Kusimama kutwa nzima juu ya vichwa vya watu kulimtosha mazoezi. Wateja walipomsimulia jinsi walivyopanda kilele cha Praděd Jumapili, yeye aliwauliza kama huko juu wameshaweka lifti.

Kilichomtoa chini ni mumewe kustaafu.

Radim alikuwa mtu wa reli. Miaka na miaka alikaa katika stesheni ndogo, akiruhusu treni hii ipite na kuizuia ile, wiki hii zamu ya mchana, wiki ijayo ya usiku. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye masikio makubwa, na kitu cha haraka hakikuwamo mwilini mwake. Alipostaafu alikaa siku chache kwenye kochi, kisha akahamia jikoni. Jioni moja Milada alirudi kutoka saluni akakuta viungo vyote vya kabatini vimepangwa kwa alfabeti, kila kichupa na lebo yake.

"Chumvi iko wapi?" akauliza.

"Kwenye herufi yake," Radim akajibu.

"Radim, chumvi yangu inakaa kando ya jiko tangu tulipooana."

"Ndiyo maana ilikuwa inaganda. Mvuke huo, mama."

Milada akaingia bafuni, akafunga mlango, akampigia simu binti yao Hedvika aliyekuwa Brno. "Mtafutie baba yako shughuli," akamwambia kwa sauti ya chini, "la sivyo mimi nitatafuta baba mwingine wa kukuletea."

Hedvika alikuja mwisho wa wiki na mchezo ndani ya simu. Mchezo wenyewe ulikuwa hivi: mtu anaficha kopo msituni, chini ya daraja, ndani ya kisiki, popote pale, halafu anatangaza mtandaoni namba za mahali hapo pamoja na kidokezo. Wengine wanazifuata namba kwa simu, wanalisaka kopo, wanaandika jina kwenye kijikaratasi kilichomo, wanalirudisha lilivyokuwa na kwenda zao. Zawadi hakuna. Ndani unakuta kipande cha penseli, na pengine kigari cha plastiki kilichoachwa na mtoto wa mtu. Kuna watu nchi nzima ambao Jumapili yao hawaihesabu kuwa Jumapili mpaka wameingiza mkono kwenye shimo la mti.

Mara ya kwanza Radim alikwenda peke yake. Akarudi na tope mpaka magotini na uso unang'aa kama wa mtoto aliyeruhusiwa kuchelewa kulala. Milada alicheka mpaka akakaa chini. Jumapili iliyofuata akafuatana naye, ili acheke vizuri zaidi akiwa karibu. Radim alikuwa akizunguka mti mmoja huku ameikodolea macho simu, akisema, "Hatua nne kaskazini. Hapana, sasa inasema tatu magharibi." Milada akatazama huku na huku, akajiuliza: kama ningekuwa mvivu na nimebeba kopo, ningeliweka wapi? Akanyanyua jiwe bapa kando ya njia. Kopo likawa pale.

Hakucheka tena. Alisimama na kopo mkononi, moyo unamwenda mbio kwa jambo ambalo angeona aibu kumweleza mteja yeyote.

Tangu siku hiyo hawakukosa Jumapili hata moja. Kwenye mchezo walijiita Mbuzi Wawili, na walitafuta kama walivyoishi, yaani kwa kubishana. Radim aliamini namba. Milada aliamini mawe, visiki, na uvivu wa binadamu. Aliyelipata kopo hakuosha vyombo wiki ile, na kwa kuwa mara nyingi aliyelipata alikuwa Milada, Radim alidai mkewe ananusa. "Wengine wanafuga mbwa," aliwaambia jamaa, "mimi nimeoa."

Kero yao ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa daktari wa meno.

Daktari Pernica na mkewe walicheza kwa jina la Meno Makali. Kopo jipya likitangazwa, wapenzi wa mchezo hukimbilia kuwa wa kwanza kuandika jina kwenye karatasi tupu. Na kila Mbuzi Wawili walipofika wakihema, walikuta karatasi imeshaandikwa kwa mwandiko mzuri: Meno Makali. Mara nyingine wino ulikuwa haujakauka sawasawa. Hilo Milada angelivumilia. Asilolivumilia ni kwamba daktari mwenyewe ndiye aliyemtibu meno. Alimlaza kitini, akamjaza pamba na vyuma mdomoni, halafu akaanza kumsimulia taratibu jinsi walivyolipata kopo la juma lile.

"Mlikuwa mmekaribia sana, bibi Skopalová," alisema akizungusha mashine. "Sana. Mlifika kama nusu saa baada yetu, sivyo?"

"Aaaa," Milada alijibu, kwa kuwa hakuwa na jingine la kujibu.

Ikawa Jumamosi moja ya Septemba, asubuhi. Milada alikuwa akimfunga rola bibi Kubová, aliyekuwa na harusi ya mjukuu mchana ule. Mlango ukafunguka, Radim akasimama kizingitini na viatu vya mlimani miguuni, shanta mgongoni, na simu mkononi. Aliinyanyua simu tu.

"Wapi?" Milada akauliza.

"Meno ya Bibi."

Meno ya Bibi ni miamba iliyojitokeza karibu na mgongo wa mlima, vichwa vya mawe vilivyosimama mstari mmoja, na mapengo kati yake. Milada aliyajua. Utotoni mama yake alikuwa akimpeleka huko kuchuma yale matunda madogo ya porini yanayoacha ulimi wa buluu.

"Kidokezo kinasemaje?"

"Neno moja. 'Chuchumaa.'"

Bibi Kubová aliyafuata mazungumzo hayo kwenye kioo, kichwa kimejaa rola. "Yule daktari atasema ni mali yake," akasema. "Meno ya Bibi. Atasema yamehifadhiwa kwa ajili ya taaluma yake."

"Atasema," Milada akakubali.

"Basi nifungie hizi mbili za mwisho na uende. Nitakaa chini ya draya, nitajifungua mwenyewe. Ufunguo nitamwachia muuza maua."

Milada alimbusu paji la uso. Alifunga rola mbili kwa kasi ambayo hajaifikia tena maishani, akavua aproni, akatoka. Simu yake aliisahau kwenye rafu, kati ya vitana.

Walipofika pale magari yanapoachwa, ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye vilele vya misonobari. Gari moja jeupe, jipya, la daktari, lilikuwa limeegeshwa peke yake. Radim akaligusa boneti kwa kiganja, kama anayempima mtoto homa.

"Bado lina moto," akasema.

"Basi usisimame hapo kama nesi. Twende."

Wakapanda. Radim alikuwa na simu na chupa ya chai yenye ramu kidogo. Milada alikuwa na mkoba mdogo wenye mikate, na katikati ya kila mkate kipande cha nyama kilichopondwapondwa na kukaangwa ndani ya chenga za mkate, maana nyumbani kwao hakuna mtu aliyewahi kwenda mlimani bila nyama hiyo. Njia ilipanda kati ya mizizi na mawe yenye utelezi. Kwa muda mrefu hawakuzungumza, na kwa Milada hilo lilikuwa dalili kwamba wanapatana.

Kisha wakafika njia panda. Nguzo ilisimama pale na vibao vyake, kila njia na rangi ya alama yake. Njia nyekundu ilipanda moja kwa moja mpaka kwenye mgongo wa mlima, ya kijani ilizunguka ubavuni.

"Nyekundu," Radim akasema akitazama simu.

"Kijani. Tazama chini." Kwenye tope la njia ya kijani palikuwa na nyayo mpya, na pembeni yake vishimo vya fimbo za kutembelea. "Wamepita hapa. Na kwa chini ndiko tulikokuwa tunapita na mama."

"Mama yako alifuata matunda. Sisi tunafuata namba, na namba ziko juu."

"Namba zako juzi zilituingiza kwenye zizi la ng'ombe."

"Zizi lile halikuwa kwenye ramani."

"Ng'ombe waliliona, Radim."

Mpaka hapo ilikuwa kawaida yao. Lakini Milada alikuwa amekimbia, alikuwa na jasho mgongoni na baridi usoni, na maneno yaliyokuwa yamekaa kifuani tangu mwaka juzi yakaona mwanya. Akaanza na kabati la viungo. Akaja kwenye taulo, ambazo siku hizi zilikuwa zikikunjwa mara tatu badala ya mbili. Akafika kwenye namna mumewe anavyosimama nyuma yake anapoendesha gari kurudi nyuma, akimpungia mikono yote miwili.

"Tangu ustaafu unaniongoza kama treni," akasema. "Mimi si treni, Radim."

Radim akafikiri. Hilo lilikuwa kosa lake: siku zote alifikiri kabla ya kujibu, kwa hiyo hakuweza kusingizia kwamba limemtoka tu.

"Treni husikiliza," akasema.

Milada akageuka, akashika njia ya kijani. Radim akasimama kidogo, kisha akashika nyekundu. Walipokuwa wameshapotezana kwenye ukungu ndipo kila mmoja alipotambua hesabu ilivyokaa. Milada alikuwa na chakula chote, hana simu wala chai. Radim alikuwa na chai na simu, hana hata chembe ya mkate.

Ukungu ulizidi. Milada alitembea kwa hasira mpaka hasira ikaisha, ikabaki kutembea tu. Miti ilimjia mmojammoja, ikasimama, ikampita. Alikuwa akijitayarishia maneno ya kumwambia mumewe, mazuri sana, mara akasikia mtu akilaani mbele yake, kwa sauti ya chini na ya adabu, kama anayesoma risiti.

Juu ya gogo alikaa mke wa daktari Pernica, mwembamba, kwenye jaketi jekundu la bei mbaya, kiatu kimoja mkononi akikung'uta changarawe.

"Habari za asubuhi, bibi daktari," Milada akasema.

"Habari za asubuhi, bibi Skopalová."

Wakatazamana. Kila mmoja akatazama nyuma ya mwenzake, akitafuta mume.

"Wa kwako yuko wapi?" Milada akauliza.

"Amepanda huko, akakate njia katikati ya msitu. Amesema mimi namchelewesha." Akavaa kiatu. "Simu anayo yeye. Ramani anayo yeye. Chokoleti anayo yeye. Mimi nimeachiwa fimbo. Na wa kwako?"

"Juu. Anafuata namba."

"Mmegombana?"

"Kidogo. Nyinyi?"

"Sisi hatugombani," mke wa daktari akasema. "Mimi hunyamaza. Tumenyamaziana tangu Jumatano."

Milada alitaka kumchukia kidogo, kwa ajili ya zile karatasi zote zenye wino mbichi, lakini akashindwa pa kuanzia. Akakaa kwenye gogo. Akafungua mkoba. Harufu ya nyama ya kukaanga ikatoka, na mke wa daktari akageuza kichwa upande mwingine kwa heshima, kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni.

"Chukua," Milada akasema.

"Sisi nyumbani hatuli vya kukaanga. Daktari anasema…"

"Daktari yuko msituni na chokoleti."

Mke wa daktari akachukua. Alipokuwa akitafuna, Milada akasema, "Mimi ndiye mkubwa kati yetu, kwa hiyo ni juu yangu kulisema. Haya mambo ya bibi daktari na bibi Skopalová hayafai kwa watu waliotelekezwa. Mimi naitwa Milada."

"Zora," mwenzake akasema, na kwa kuwa hawakuwa na glasi za kugonga, kama ilivyo desturi ya watu wanaoanza kuitana kwa majina, wakagonganisha mikate.

Zora akawa mtu mwingine. Akasema kwamba mchezo huu mumewe ndiye aliyeuleta nyumbani, kwamba yeye aliupenda tangu siku ya kwanza, lakini kwamba katika makopo yote yale yeye hajawahi kuandika jina kwa mkono wake. Daktari ndiye mwenye mwandiko mzuri.

"Basi leo utaandika," Milada akasema. "Meno ya Bibi nayajua hata kwa kupapasa. Inuka."

Walifika kwa kupapasa kweli. Njia ya kijani ilipita chini ya miamba, na jiwe la kwanza liliwatokea kwa ghafla, refu, jeusi, lenye majimaji. Hapakuwa na mtu. Waliita majina ya waume zao, mara moja kila mmoja, bila juhudi kubwa. Kisha wakaanza kazi. Milada aliingiza mkono kila ufa aliouona. Zora alichokora kwa fimbo. Walichuchumaa mbele ya kila jino, kama kidokezo kilivyosema, mpaka magoti ya Milada yakaanza kulia kama mlango wa ghala. Hawakuona kitu.

"Nisamehe kidogo," Zora akasema hatimaye. "Baridi hii. Nakwenda nyuma ya lile jino la tatu."

"Nenda. Sitazami, na hata nikitazama sioni."

Milada akaendelea kupapasa ufa wa karibu. Kisha sauti ya Zora ikatoka nyuma ya jiwe, ya ajabu kidogo.

"Milada, njoo. Hapana, usije. Subiri." Kukatokea mchakacho wa nguo. "Sasa njoo."

Usawa wa macho ya mtu aliyechuchumaa, na wa mtu huyo tu, palikuwa na ufa uliozibwa na kijiwe kisichofanana na mawe mengine. Nyuma ya kijiwe, kopo la kijani. Milada alitazama kopo, akatazama Zora, na vicheko vikawashika wote wawili kiasi kwamba ilibidi waliegemee jino la bibi wasianguke. Aliyelificha kopo lile, wakaona, amelificha kwa njia hiyohiyo.

Karatasi ilikuwa tupu kabisa. Zora akashika penseli, akaitazama muda, kisha akaandika polepole, kwa herufi kubwa zilizopinda: Milada na Zora. Hakuandika Mbuzi, hakuandika Meno. Chini yake Milada akaongeza maneno machache. Wakalirudisha kopo, wakaziba kwa kijiwe, wakakaa kwenye jiwe kavu kungoja waume.

Waume hawakuja.

Mwanzoni Milada alifurahi, maana alitaka Radim ajue jinsi alivyomsubirisha. Halafu akaacha kufurahi. Kule juu, nyuma ya mgongo wa mlima, palikuwa na mteremko mkali, na Radim alipokuwa akitazama simu hakutazama miguu yake. Mikate miwili iliyobaki ilimlemea mkobani kama mawe. Akaanza kufikiri kwamba mtu yule hajala tangu alfajiri, kwamba neno la mwisho alilomwambia yeye ni kwamba si treni, na kwamba akiteguka kifundo atakaa palepale bila kupiga kelele, kwa kuwa si tabia yake kusumbua watu.

"Turudi njia panda," akamwambia Zora. "Akipotea, mtu wa reli hurudi kwenye kibao."

Walishuka kwa haraka kuliko walivyopanda. Walipokaribia, kabla hawajaiona nguzo, wakasikia sauti za wanaume. Zora akamshika Milada mkono. Wakasimama nyuma ya misonobari, na ukungu ukawaletea kila neno.

"Ongeza chai kidogo, bwana daktari," Radim alikuwa akisema. "Vidole vyako vimekuwa vya kijani."

"Ni ukoga wa miti. Nimeanguka mara mbili." Daktari alisikika mdogo, tofauti na alivyokuwa akisikika juu ya kiti chake. "Uko hapa tangu saa ngapi?"

"Muda. Nilipanda kidogo tu, nikageuka. Nikasema atarudi, anikute hapa."

"Na kopo? Ungelifikia wewe wa kwanza."

Radim akafikiri. Milada nyuma ya mti alijua hasa atafikiri kwa muda gani.

"Mimi kopo lenyewe halinihusu sana," Radim akasema. "Miaka yote ile, wiki za zamu yangu ya usiku, yeye alikuwa saluni mchana. Tulikuwa tunapeana ufunguo mlangoni. Binti tulimlea kwa vikaratasi juu ya meza. Sasa Jumapili natembea nyuma yake, namsikia ananung'unika njia nzima, mawe haya, mizizi hii, mume huyu. Nasikia raha. Kopo likikawia kupatikana ndiyo vizuri." Akanywa chai. "Lakini usije ukamwambia ukimpata kitini. Atavimba kichwa, na kofia zake zote ni ndogo."

Daktari akajifuta ukoga vidoleni. "Mimi wa kwangu nimemwambia ananichelewesha," akasema baadaye.

"Hilo ni baya."

"Najua ni baya."

Zora alimtazama Milada. Milada alikuwa akikazana kutazama gome la msonobari. Wakarudi nyuma hatua chache, wakakohoa, wakaja kwa kishindo wakikanyaga kila kijiti.

Radim alisimama. Akamnyooshea mkewe kifuniko cha chupa kilichojaa chai. Milada akamnyooshea mkate. Zora alisimama mbele ya daktari, na daktari, jaketi limechafuka mgongo mzima, akatoa chokoleti mfukoni. Ilikuwa haijafunguliwa.

"Nisamehe," akasema. "Sikuweza kula."

"Mmelipata?" Radim akauliza akitafuna.

Zora alikuwa mwepesi. "Ukungu ule," akasema kwa huzuni. "Hata jino halionekani."

Milada akaitazama miguu yake mwenyewe na kutikisa kichwa kama aliyefiwa.

Basi wanaume wakapata nguvu mpya. Daktari alisema kwamba kwa simu mbili na vichwa viwili haliwezi kukosekana. Radim alisema njia zote mbili zinafika, kwa hiyo wapite ya kijani kwa ajili ya magoti ya mama. Wakapanda wote wanne. Pale juu Milada na Zora walikaa tena kwenye jiwe lao kavu, wakagawana chokoleti, wakawa wanatoa ushauri.

"Jaribu la kwanza, bwana daktari, lile lililooza."

"Chini zaidi, babu. Kidokezo kinasema chuchumaa, wewe unainama tu. Kuchuchumaa si kuinama."

"Hivi?"

"Zaidi. Kama unakamua ng'ombe. Wale wa zizi lako."

Radim alichuchumaa mpaka suruali ikatoa mlio. Daktari alilala kifudifudi na kumulika kila pengo kwa tochi ndogo, na akasema, bila mtu kumuuliza, kwamba fizi za mwamba huu zina hali mbaya. Mara tatu alipita mbele ya kijiwe kile, na mara tatu Zora alijiziba mdomo kwa glavu. Hatimaye, kwa uchovu tu, Radim akachutama nyuma ya jino la tatu ili afunge kamba ya kiatu. Akakaa hivyo muda mrefu kuliko kamba inavyohitaji.

"Bwana daktari," akaita kwa upole. "Njoo na kalamu yako."

Walilitoa kopo pamoja, kama wakunga. Daktari akafuta mikono, akafungua kalamu, akaikunjua karatasi kwenye goti. Akasoma. Akaisogeza karibu na macho, akasoma tena, kisha akampa Radim.

Kwenye karatasi ile, chini ya majina, Milada alikuwa ameandika: *Waheshimiwa, tuko kwenye jiwe lile kavu. Leteni chokoleti mkimaliza.*

Radim ni mtu wa kutabasamu. Ungemuuliza mkewe ni lini alicheka, angekutajia labda harusi ya Hedvika. Siku ile alicheka mpaka masikio yakawa mekundu, akakaa kwenye majani yenye maji, akacheka amekaa. Daktari alijitahidi kununa. Alinuna mpaka walipofika kwenye mkahawa wa mlimani, akanuna juu ya bakuli la supu ya vitunguu saumu, na bia ya pili ilipoletwa akamuuliza mkewe, kwa sauti ya mtu anayeuliza la kitaalamu tu, walilionaje kopo lile kwenye ukungu mkubwa namna hiyo.

"Tulifuata kidokezo," Zora akasema, na Milada akapaliwa na supu.

Walishuka jua limeshaufukuza ukungu, bonde zima likiwa wazi chini yao. Daktari na mkewe walitangulia wakizungumza, jambo ambalo hawakuwa wamelifanya tangu Jumatano. Milada alikuwa mbele ya Radim, na ile njia ilikuwa na mizizi mingi sana na mawe ya kipumbavu, naye alilisema hilo, kisha akalisema tena, na alipofika kwenye kijito akalisema kwa urefu zaidi. Nyuma yake Radim alikuwa akitembea bila haraka.

Yale aliyoyasikia nyuma ya msonobari Milada hakumwambia mumewe, wala Zora hakumwambia mtu. Jumapili iliyofuata mvua ilinyesha tangu asubuhi. Walikwenda hivyohivyo, wote wanne kwenye gari jeupe, kutafuta kopo chini ya daraja la zamani la reli, na baada ya mabishano ya asubuhi nzima kuhusu nguzo ipi hasa ndiyo nguzo yenyewe, wakarudi wamelowa chapachapa na hawakuwa wameliona.